Baskeli, Buibui na Upepo wa Newala



Leo si mambo ya udi wala singo. Leo nataka kukuhadithieni vipi mimi, mtoto wa Unguja, mama wa watoto watatu, nilijifunza kupanda baskeli nikiwa na miaka 34, tena ugenini, kusini kabisa, Masasi na Newala. Kama wewe ni bi harusi mtarajiwa, usiiruke makala hii ukadhani ni ya kina mama waliokwisha nenepa. Kuna pahala mbele panakuhusu wewe kuliko sote.

"Shuka, utaharibika!"

Nilikuwa na miaka 10. Kaka yangu alikuwa na baskeli nyeusi ya Phoenix, ile ya kiume yenye bomba la juu, akiiegemeza kwenye ukuta wa uani. Siku moja niliporudi chuoni nikaichukua kimyakimya, nikapitisha mguu chini ya bomba kama nilivyowaona wavulana wakifanya, nikaanza kujisukuma. Sikufika hata mlangoni. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi: "Shuka! Shuka nakwambia, utaharibika!"

Mwiko haukunigusa, lakini lile neno liliniingia. Sikuuliza nitaharibika nini. Mtoto wa kike kwetu alikuwa haulizi.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nilipowekwa ndani nasuguliwa singo. Somo yangu akanambia kwa mafumbo kwamba msichana wa kupanda mabaskeli anaweza kufika siku yake kisarawanda kikatoka cheupe, na familia nzima ikainamisha vichwa. Nikasema moyoni, alhamdulillah, mama alinishusha mapema. Khofu ile nikaifunga pamoja na kanga zangu za harusi, nikahama nayo.

Sukari ilipojua mlango wangu

Mume wangu ni mwalimu, akapangiwa kazi Masasi. Ni mji wa joto, na majabali makubwa ya mawe yamechomoza kutoka kwenye ardhi tambarare. Mitaa mingi ni vumbi jekundu. Nilikaa pale miaka miwili nikipika, nikizaa na kunenepa, na kila nikipeleka picha nyumbani naambiwa "mashallah, ndoa imekukubali".

Mimba ya tatu ndiyo iliyokuja na kisukari cha ujauzito. Baada ya kujifungua sukari ilishuka, lakini haikushuka yote. Nilipopimwa asubuhi kabla ya kula ilisoma 6.4. Muuguzi akanambia maneno ambayo sijayasahau: "Mama, sukari imeondoka, lakini imeshaujua mlango wako. Itarudi kubisha hodi." Akanieleza kuwa mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito yuko kwenye hatari kubwa ya kuja kupata kisukari cha moja kwa moja, na kwamba misuli ikifanya kazi huila ile sukari iliyomo kwenye damu. Akataka nitoe jasho dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiasi kile kile kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kuwa cha chini kwa mtu mzima.

Mashoga zangu, mimi kisukari sikukisoma kwenye vitabu. Mama yangu amekatwa vidole viwili vya mguu. Kidonda kile nimekiosha kwa mikono hii. Kwa hiyo muuguzi alipokuwa akisema, mimi nilikuwa nautazama mguu wangu.

Nikajaribu kutembea. Wiki moja tu. Jua kali, mtoto mgongoni, na kila nyumba ninayopita nasimamishwa kwa salamu. Nikaacha.

Jirani yangu na baskeli yake

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa akiishi dada mmoja mhudumu wa afya, Mkristo wa Anglikana, kila asubuhi anatoka na baskeli kuwazungukia wajawazito vijijini. Siku hiyo akanikuta nimekaa barazani nimejishika kichwa.

"Dada," akanambia, "hii ingekufaa."

"Mimi? Sisi kwetu wanawake hawapandi baskeli."

Akacheka. "Kwenu wapi? Si nimewaona kwenye picha wasichana wa Zanzibar wanakwenda shule na baskeli, mitandio inapepea?"

Nikakosa la kusema. Kweli kabisa. Nenda Makunduchi, nenda Jambiani, nenda Paje, utawakuta wasichana wa skuli juu ya baskeli zao na hakuna anayewashangaa. Nimewaona tangu utoto wangu. Ile "kwetu" niliyokuwa nikiitaja haikuwa Zanzibar. Ilikuwa ua wa nyumba ya mama yangu.

Dada yule alikuwa mtani. Husema ukoo wake umetokana na wale watu walioachiwa huru utumwani, ambao mwaka 1876 waliondoka Unguja pamoja na misheni, wakashukia Lindi, wakatembea mpaka Masasi. Basi akawa ananiambia, "Bibi zangu walitoka kwenu wakaja huku kwa miguu. Na wewe umekuja kwa basi, halafu umekaa tu!"

Usiku, baada ya chai, nikamwomba ruhusa mume wangu. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema lile nililolitarajia: "Watu watasema nini? Mke wa mwalimu."

Nikamjibu taratibu, bila kupandisha sauti: "Baba watoto, watu hao hawakuja kumwosha mama kidonda."

Hakunijibu. Lakini asubuhi, akifunga viatu, akasema, "Basi iwe baada ya sala ya alfajiri, na mimi niwepo." Mwisho wa mwezi akaja na baskeli ya kike, kuukuu, kaipata kwa fundi. Kengele haikulia, lakini breki zote mbili zilishika. Nakwambieni, hiyo ndiyo zawadi iliyonifurahisha kuliko pete.

Namna nilivyoanza

Wengi hudhani mtu mzima hajifunzi. Anajifunza, ila asianze kwa kupiga pedeli. Hivi ndivyo dada yule alivyonifundisha:

Kwanza, baskeli iwe ya kike, isiyo na bomba la juu, ili ushuke haraka ukiogopa. Mwambie fundi ateremshe tandiko mpaka nyayo zako zote mbili zikanyage chini.

Pili, tafuta uwanja mgumu wenye mteremko mdogo sana. Sahau pedeli. Jisukume kwa miguu kama bata, halafu nyanyua miguu kidogo, uone baskeli inakwenda wapi. Mimi nilifanya hivi siku nne nzima. Mwili ulipozoea kujisawazisha, pedeli zikaja zenyewe siku ya tano.

Tatu, tazama mbele, pale unapotaka kufika. Ukilitazama gurudumu, utaanguka. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni.

Nne, breki. Anza na ya nyuma, kisha ya mbele taratibu. Ukiibana ya mbele peke yake kwa nguvu mteremkoni, baskeli itakurusha juu ya usukani.

Tano, ukishaweza, pandisha tandiko. Kipimo chake ni rahisi: kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Tandiko likiwa chini mno, magoti yatauma.

Na barabarani kaa kushoto, uelekeo mmoja na magari, na vaa kofia ngumu ukiipata. Wiki ya kwanza dakika 10 zinatosha, ongeza tano kila wiki. Makalio yatauma siku za mwanzo, usikate tamaa, yanazoea. Ila kama una mimba, au unatumia dawa za kisukari, mwulize daktari kwanza, na mwenye dawa asitoke bila kitu kitamu mfukoni, kwani mazoezi yanaweza kuishusha sukari ghafla.

Siku niliyoanguka

Siku ya tisa nikajiona bingwa. Nikatoka peke yangu asubuhi ya saa 2, nimevaa buibui langu la kila siku, lile pana la kupepea. Nikapita mbele ya kijiwe cha kahawa. Pindo likaingia kwenye mnyororo, likazungushwa, nikavutwa chini kama gunia la korosho. Buibui likapasuka mpaka gotini, na baskeli juu yangu.

Kuna waliocheka. Nimewasikia mpaka leo. Lakini mzee mmoja mwenye kofia akasimama, akageuza uso ukutani, akawaambia wenzake kwa ukali, "Geukeni!" Kisha akamwita mjukuu wake wa kike aje anisaidie kulichomoa lile pindo. Binti akanifunga kanga yake, nikaikokota baskeli mpaka nyumbani nalia. Goti halikuwa linaniuma. Kilichoniliza ni aibu. Nikaapa siipandi tena.

Siku tatu nilikaa ndani nikiwaza. Na nililolipata katika siku hizo ndilo hasa lililonifanya niandike leo. Kiswahili chetu kina maneno mawili, haya na aibu, na sisi wanawake tumeyachanganya. Haya ni baina yako na Mola wako. Inakwambia ujistiri, uinamishe macho, uchague njia na wakati. Aibu ni baina yako na watu. Inakwambia wataniona, watacheka, watasema. Yule mzee alikuwa na haya, ndiyo maana akageuka. Mimi, wa kulala ndani siku tatu na mlango wa sukari uko wazi, nilikuwa na aibu tu, nikiiita haya ili ipendeze.

Nikakumbuka hadithi tunayoijua sote, aliyoipokea Abu Dawud, kuwa Mtume (SAW) alishindana mbio na Bibi Aisha (RA) safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha akamshinda, na baadaye alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda. Mama wa waumini alikimbia, na mwili wake ukabadilika kama yetu inavyobadilika. Nani basi atanambia kwamba mwanamke kujishughulisha na mwili wake ni kukosa haya?

Nikarudi, ila safari hii nikiwa na akili. Nikashona suruali pana yenye mpira miguuni, juu yake gauni pana la kufika chini kidogo ya magoti, na mtandio mrefu ninaoubana mgongoni kwa pini ili upepo usiunyanyue. Nywele nazifunga chini, si utosini, kofia ipate kukaa. Fundi akanifungia kava ya mnyororo na nyavu pembeni ya gurudumu la nyuma. Hapo nikawa nimestirika kuliko ninapopanda bodaboda.

Newala

Mwaka uliofuata mume wangu akahamishiwa Newala. Huko ni juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Basi linapopanda kutoka Masasi unahisi masikio yanaziba. Mwezi wa 6 na wa 7 kuna baridi ambayo sisi wa visiwani hatuijui, na upepo ukikukabili uso kwa uso, unapiga pedeli na baskeli kama imesimama.

Newala ilinifundisha mchanga. Ukiingia kwenye mchanga mwingi usikate kona ghafla, shika usukani kwa utulivu, piga pedeli polepole bila kusita. Ikishindikana, shuka ukokote. Kushuka na kukokota si kushindwa, mashoga zangu. Wenyeji wote wanakokota.

Maji yamekuwa shida ya uwanda huu tangu zamani, na baskeli ndiyo punda wao. Utamwona mtu na madumu yamefungwa pande zote, kainama, anasukuma kupanda mlima. Msimu wa korosho ni magunia. Nami nilipokuwa nikilalamika mlimani, nikimwona mtu huyo natia adabu. Mimi nimebeba mwili wangu tu, na hata huo ndio unaotakiwa upungue.

Jumamosi moja tukatoka na mume wangu mapema, yeye kaazima baskeli ya jirani, mpaka pale wanapopaita Shimo la Mungu. Nilisoma dua ya kupanda chombo, ile iliyomo kwenye Surat Zukhruf, nikaiona maana yake mpya, kwani chombo hiki kweli kilinikataa mpaka Mwenyezi Mungu aliponitiishia. Tulipofika, ardhi ikakatika ghafla mbele yetu. Chini kabisa bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji, bluu kama bahari. Nilikuwa sijaiona bahari mwaka mzima. Nilikaa chini nikalia tena, ila kilio hiki kilikuwa kingine.

Kwa mabinti na mabibi harusi

Sasa lile nililowaahidi. Jioni moja binti yangu mkubwa, ana miaka 9, akanambia, "Mama, na mimi nifundishe." Mashoga zangu, neno lilikuwa limeshafika ulimini: utaharibika. Nililimeza kwa nguvu, nikamwambia tutaona.

Usiku nikampigia simu ustadhati wangu wa Unguja aliyenisomesha fiqhi. Nilimweleza yote, mpaka kisarawanda. Akanambia, "Ulisoma Minhaji ukalala?" Akanikumbusha kuwa Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii ndiye tunayemsoma, ameeleza kwamba ubikira ukiondoka bila ya kuingiliwa, kwa mfano kwa kuanguka, hauna athari. Hukumu ya msichana huyo ni ya bikira. Imamu Nawawi amefariki mwaka 1277. Baskeli hazijaundwa bado, na wanachuoni wetu walishajua kuwa msichana ni mtu, anaruka, anaanguka.

Na upande wa afya, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko kwamba hakuna uchunguzi wowote unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kuingiliwa au la. Ule utando si karatasi iliyobandikwa mlangoni. Una uwazi wake, hunyumbuka, na haulingani kwa wanawake wote. Wako mabikira wasiotoka damu usiku wa harusi, na hawajawahi kugusa hata kengele ya baskeli.

Kwa hiyo bi harusi wangu, kama umekatazwa kwa sababu hii, nenda kamwulize mwanachuoni unayemwamini, na umwulize muuguzi. Usibebe khofu isiyo na asili ukaingia nayo kwenye ndoa, halafu ukamrithisha mwanao. Na unapoandika orodha ya vitu vya nyumba, baina ya friji na makochi, kumbuka na mwili utakaozilea hizo nyumba.

Simu ya mama

Nilipimwa tena mwezi uliopita: 5.6. Sisemi ni baskeli peke yake, nimepunguza na sukari kwenye chai, na kwa Mzanzibari huo ni mtihani. Kilo nimepungua chache tu, buibui la harusi bado halinitoshi. Lakini usingizi ninaupata, na ngazi napanda bila kuhema.

Juzi mama kapiga simu. Akamsikia mjukuu wake anapiga kelele uwanjani.

"Huyo ana nini?"

Nikavuta pumzi. "Anajifunza baskeli, mama."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Kaanguka?"

"Mara mbili. Goti limechubuka."

"Mpake asali." Kisha kimya tena. "Mwanangu, mimi babu yako alinishusha kwa bakora. Ya jirani ilikuwa, wala haikuwa yetu. Sikuwahi kuiuliza kwa nini."

Sikujua niseme nini. Nikasikia anajigeuza kitandani, na ule mguu wake.

"Mshike tandiko vizuri," akasema. "Usimwachie haraka."

Nikaiweka simu juu ya ukuta, nikaenda kumshika.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumwabudu, awaponye mama zetu, na awastiri mabinti zetu. Amin. Tuonane tena inshallah.